Brighton kwa siku moja: tiketi, kokoto na shakwa

SWALI: Nipo London kwa wiki mbili na ningependa kwenda Brighton kwa treni, nirudi siku hiyo hiyo. Kadi ya Oyster, ile ya kulipia nauli London, itatosha?

JIBU: Haitoshi. Kwenye njia hiyo Oyster mwisho wake ni uwanja wa ndege wa Gatwick. Ukipitiliza nayo hadi Brighton unahesabiwa huna tiketi, na faini ni pauni 100 juu ya nauli, au 50 ukilipa ndani ya siku 21.

Treni za kampuni ya Southern hutoka stesheni ya Victoria na kuchukua kama saa moja. Za Thameslink hupita St Pancras na London Bridge, zinachelewa kidogo. Wengi huponzeka hapa: tiketi ya bei ya chini mara nyingi ni ya Thameslink peke yake. Mtu anainunua kwenye simu, anafika Victoria, anaikuta Southern inataka kuondoka, anarukia. Basi soma kwanza tiketi inaruhusu treni zipi, ndipo uangalie bei. Jumapili hakikisha ratiba kabla hujatoka. Reli hiyo hufungwa kwa matengenezo na abiria wakapakiwa kwenye mabasi.

SWALI: Nasikia ufuo wa Brighton hauna mchanga. Watoto wataweza kuogelea?

JIBU: Ni kokoto tupu, nyingine kubwa kama yai, kwa hiyo wavalishe viatu vya raba vya majini. Mchanga huonekana kwa chini kabisa maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ambapo kujaa na kupwa hupishana kwa kama mita 6.

Miguu kuuma ni jambo dogo. Ufuo umeinama mno: hatua chache tu na maji yamemfika mtoto kifuani. Wimbi likivunjika linarudi na kokoto zilizo chini ya nyayo, naye hana pa kukanyaga. Ogeleeni majira ya joto, waokoaji wakiwepo, katikati ya zile bendera za rangi mbili, nyekundu juu na njano chini. Ikipandishwa nyekundu tupu, msiguse maji. Hata Agosti bahari ni kama nyuzi 18, na baridi ya ghafla hukata pumzi, ingieni taratibu. Mtu akizidiwa, piga 999 uombe Coastguard, yaani waokoaji wa pwani.

SWALI: Tuna saa nne tu. Tuone nini, tule nini?

JIBU: Kutoka stesheni shukeni na Queen's Road moja kwa moja, bahari ni mwendo wa dakika 15. Royal Pavilion, kasri alilolijenga upya msanifu majengo John Nash kuanzia 1815, ina kuba za Kihindi nje na mapambo ya Kichina ndani. Mwaka 1914 hadi 1916 ilikuwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa vitani. Gati la Palace Pier la 1899 lina kelele na bembea za kutosha, ila kwa picha sisi tunapendelea mifupa ya chuma ya West Pier, gati lililoungua 2003.

Samaki na chipsi mle mkiegemeza mgongo ukutani, kifuniko cha boksi kikiwa kimefungwa nusu, kwa sababu shakwa hushuka kutoka nyuma. Na ulizeni wanakaangia nini: baadhi ya maduka ya Uingereza hutumia mafuta ya ng'ombe, si ya mimea.