Bega limeharibika baada ya chanjo ya mafua: fidia unadai wapi (kwa mlioko Marekani)

Mkuu umeuliza kama unaweza kumshtaki nesi aliyekuchoma sindano ya mafua, maana bega limekataa kunyanyuka tangu mwaka juzi. Yalinikuta hayohayo nikiwa hukuhuku Marekani, bega la kushoto, sindano ilipigwa juu mno, karibu na kiungo kabisa.

Nesi muache. Kwa chanjo kama ya mafua, sheria ya 1986 inakutaka uanzie kwenye mpango wa fidia wa serikali, unaitwa VICP, na hela yake inatoka kwenye kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga. Mlalamikiwa anakuwa waziri wa afya, kesi inafunguliwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho kule Washington, na huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu alifanya uzembe.

Kazi iko kwenye makaratasi. Kwa bega wanataka kuona maumivu yalianza ndani ya saa 48, bega lilikuwa zima kabla ya hapo, shida imebaki kwenye bega hilohilo lililochomwa na hakuna ugonjwa mwingine unaoielezea. Pia madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6 au yamekulaza hospitali na kufanyiwa upasuaji. Mimi duka la dawa lilinichanja halafu halikuandika ni mkono gani, kilichonibeba ni dokta niliyemwona mwanzoni kuandika kwamba maumivu yalianza jioni ileile ya chanjo, mkono wa kushoto. Kila nilipoenda fizio nilikuwa nasema tena yalianza lini na sasa mkono unafika wapi, yakaingia kwenye faili. Sisi tumezoea kujikaza, unameza panadol unasubiri, sasa ukipotea kliniki muda mrefu upande wa serikali watasema ulishapona, na inauma sana kuona mtu anateseka kweli halafu faili lake liko tupu.

Wakili asikutishe. Mahakama ndiyo inamlipa, hata ukishindwa, ilimradi kesi ililetwa kwa nia njema na ilikuwa na msingi, na haruhusiwi kukukata asilimia kwenye fidia yako, akitaja asilimia tafuta mwingine. Unaweza kupata gharama za matibabu ambazo bima haikulipa, mshahara uliopotea, na kwa maumivu yenyewe mwisho dola 250,000. Ila ni kesi za kusubiri sana, jipange.

Kuna mtu hapo juu kasema chanjo ya Covid ni njia hiyohiyo, hapana. Ile ina mpango wake, CICP, unapewa mwaka 1 tu tangu siku ya kuchanjwa, maumivu hayalipwi na wakili unamlipa mwenyewe.

Na nisieleweke vibaya, mimi bado nachanja na wanangu wanachanjwa. Madhara makubwa ni nadra, ndiyo maana yule mmoja anayeumia kwa ajili ya kinga ya wote anastahili kulipwa bila kuombaomba.

Sasa wewe ukomo wako ni miaka 3 kuanzia dalili ya kwanza, siyo kuanzia siku dokta alipokwambia tatizo ni nini. Umesema mwaka juzi, kwahiyo muda umeshaliwa sana. Wiki hii omba rekodi zote za hospitali, za miaka ya kabla ya chanjo pia, na cheti cha chanjo kinachoonyesha tarehe, halafu piga simu kwa wakili wa kesi za VICP, hata kama yuko jimbo lingine anaweza kukusimamia.