Ukiitwa kuwa jaji wa maonyesho ya sayansi, omba kwanza kile kitabu chenye masizi

Mwalimu mmoja jirani yangu alinipigia simu jioni, ati wamepungukiwa na majaji wa kemia kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti ndogo hapa Nakuru, na kwa vile kazi yangu ni kupima maji, nije tu nisaidie, chai na lunchi vipo. Nikakubali bila kuuliza hata swali moja. Nimerudi karibu kila mwaka tangu hapo, kwa hivyo wenye watapigiwa simu kama hiyo, hii ni yenu.

Siku ya kwanza niliboronga. Kulikuwa na meza mbili zimefuatana, zote za kuondoa floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Kama hujakaa huku, visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ndio maana unaona watu na meno ya kahawia, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mkaa wa mifupa huivuta, sio uvumbuzi mpya, Nakuru umetumika miaka mingi. Meza ya kwanza wavulana wawili, tai zimenyooka, chati imeprintiwa kwa rangi, Kiingereza kinateleza, na chujio lao ati linatoa floraidi asilimia 100. Meza ya pili wasichana wawili wa shule ya kutwa, manila imeandikwa kwa mkono, mkebe wa maziwa ya unga umetobolewa chini, Kiingereza kinatoka kwa shida. Nikawapa wavulana alama za juu, nikasonga.

Saa ya lunchi natafuna chapati, jaji mwenzangu, mama mmoja aliyestaafu ualimu, akaniuliza, "Kijana, wale wavulana walipima floraidi na nini?"

Nikanyamaza. Mimi, mtu wa maji! Floraidi haionekani kwa macho, lazima uipime, na sikuwa nimeuliza. Tukarudi pamoja kabla ya kukabidhi fomu. Wavulana wakaangaliana, halafu wakamwangalia mwalimu wao aliyekuwa amesimama dirishani. Hawakuwa wamepima popote.

Wasichana nao mama aliwaambia, "Semeni kwa Kiswahili wanangu, hakuna shida," na hapo ndipo walifungua kitabu cha mazoezi chenye masizi kurasa zote. Mara ya kwanza walichoma mifupa ya bucha kidogo tu, maji yakatoka ya manjano yananuka supu. Mara ya pili wakaacha moto mpaka mifupa ikawa nyeupe kama chaki, harufu ikaisha lakini floraidi karibu yote ikabaki. Mara ya tatu wakafunika mkebe hewa isiingie sana, wakapata mkaa mweusi, na huo ndio ulishusha. Pesa ya maabara ilitosha sampuli tatu tu: maji yenyewe kabla ya kuchujwa, ya mkaa mweupe na ya mkaa mweusi. Na bado hawakufika 1.5, wakaandika hivyo hivyo, "bado haijafika". Nilibadilisha alama zangu nikiona aibu.

Sasa ukifika mezani achana na chati kwanza, chati inaweza kuchorwa na mjomba wa mtu. Omba daftari la kazi. Uliza walipima mara ngapi, nini kiliharibika, wakipewa wiki mbili zaidi watafanya nini. Mtoto aliyefanya mwenyewe ataongea mpaka wewe ndio uombe ruhusa uende, aliyekaririshwa atakurudishia ile aya ya kwanza. Ukisikia asilimia 100, vuta kiti ukae.

Usimdharau mtoto kwa sababu ya shule ametoka pia. Keriko, shule ya kutwa huku huku kwetu Nakuru, ndiko alikofundisha Ndugu Peter Tabichi aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka wa 2019, na wanafunzi wake walifuzu kwenda mashindano ya kimataifa ya sayansi Arizona, Marekani. Ukiangalia tu nani ana chati ya rangi, watoto kama hao utawapita.

Mengine ni madogo. Fomu ya alama isome usiku, sio ukiwa mezani. Meza ya kwanza usimwage alama zote, hujui ya kumi ina nini. Friji ya mkaa, bayogesi na sabuni ya mbu utaziona kila mwaka, usikunje uso, uliza hawa wamebadilisha nini. Vaa viatu vya kutembea. Na andika maoni hata mistari miwili, kwa sababu kuna wenye watarudi nyumbani na hiyo karatasi tu.

Na kama una mtoto wa ndugu anashiriki, sema mapema. Mwaka huu mpwa wangu ameingia na mambo yake ya betri za malimau, kwa hivyo mimi niko mlangoni nagawa vitambulisho vya majina, na yule mama ameniahidi atamuuliza alipima mara ngapi.