Seva mbili, zote zajiona kubwa

SWALI: Asalaam aleikum Fundi. Niko kwa ofisi ya kliaringi hapa Mwembe Tayari. Tuna seva mbili za Linux, moja chini moja ghorofani, zaendeshwa kama klasta, yaani kundi moja, na programu za Pacemaker na Corosync, database yanakiliwa toka seva moja hadi nyengine na programu ya DRBD. Juzi stima ilipotea, seva ziko kwa UPS, ile betri ya akiba, lakini kiswichi cha mtandao cha ngazini kinachoziunganisha hakiko, kikazima kama dakika arubaini. Kucheki, seva zote mbili zimejifanya kubwa, kila moja yaandika data kivyake, wa juu wameingiza invoisi zao na wa chini zao! Fensingi, ile ya seva moja kumzima mwenzake, nilikuwa nimezima, ilinisumbua. Bosi ataka tununue seva ya tatu. Na nitajuaje mapema kitu kikiharibika, saa hizi mimi huambiwa na kasitoma.

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu, pole. Mwambie bosi pesa azishike kwanza. Shida ni ule mstari wako mwenyewe wa kuzima fensingi, stonith-enabled=false. Hata mimi nishawahi kuuandika, klasta yakataa kuanzisha kitu mpaka uipe fensingi, mtu wachoka wazima. Sasa kiswichi kilipokufa seva ya juu haikujua kama mwenzake kafa ama ni waya tu, ikaamua kafa, ikashika usukani, na ya chini vile vile. Fensingi kazi yake ni hapo, seva yajiambia: kabla sijagusa database namzima mwenzangu kabisa kupitia IPMI yake (kidude ndani ya seva cha kuiwasha na kuizima kwa mtandao), nikipata jibu kwamba kazimika ndio naendelea, nisipopata nangoja.

Lakini angalia, IPMI ikipita kiswichi kile kile cha ngazini hujafanya kitu, kikifa hakuna wa kumfikia mwenzake, zitakaa zangojana. Vuta waya wa pili upite kwengine, swichi yake iwe kwa UPS, na Corosync itumie njia zote mbili.

Hiyo seva ya tatu ni ya kura tu, ya kuamua nani aendelee zikikosana. Kura mbili akidi yake, yaani kura zinazohitajika ili kazi iendelee, ni 2, ndio maana kuna mstari wa two_node: 1 wa kuiruhusu moja iendelee peke yake. Zikiwa tatu, akidi ni 2 vile vile, kwa hivyo moja yaweza kufa na kazi ikaenda. Ila kura haitaki seva nzima, kikompyuta kidogo chenye corosync-qnetd, programu ya kupiga hiyo kura, chatosha, mradi usikiweke ndani ya moja ya hizo mbili.

Zile invoisi, usikimbilie amri ya DRBD ya discard-my-data, hiyo yatupa kazi ya upande mmoja. Toa bekapu pande zote mbili, kaa na karani mlinganishe za zile dakika arubaini, ndio uchague upande wa kutupwa, zake mziingize upya kwa mkono.

Kuhusu kujua mapema, klasta ina tabia ya kuficha ugonjwa wake. Kuna pahali niliitwa usiku, seva kubwa imeanguka na ya akiba haikushika, kufungua kabati naona taa ya diski ya ile akiba yawaka rangi ya chungwa, kusoma logi kumbe ilitoka kwa klasta wiki tatu nyuma na hakuna aliyejua, maana wateja walikuwa wahudumiwa kama kawaida. Kwa hivyo usipime tu kama mfumo wafunguka. Pima nodi (seva za klasta) ngapi ziko hai, DRBD iseme UpToDate, yaani nakala ziko sawa, pande zote mbili, na crm_mon, amri ya kuonyesha hali ya klasta, isiwe na Failed Resource Actions, yaani kazi zilizoshindwa. Kipimo chenyewe kikae kwa mashine nyengine nje ya klasta, na alati ije kwa simu yako kwa laini ya simu, sio kwa intaneti ya ofisi ambayo huenda ndiyo iliyokufa.

Ukimaliza, Jumamosi jioni watu wakishatoka, chomoa waya wa ngazini kwa mkono wako ukae uangalie kama zaendelea kuonana kwa njia ya pili bila ya mmoja kumzima mwenzake. Na hicho kiswichi kitilie UPS leo, usingoje Jumamosi.