Hao wa simu za Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi toka Houston, huku tuwazima alhamdulillah, joto tu ndo linatutoa roho kama Tanga mwezi wa pili. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza, "Mama, hao wazee wa kizungu wanaokupigia video kila Jumapili umewatoa wapi, na ni kweli uliendesha gari mpaka California unafata kindege?" Ni kweli. Nimeona kwa simu nitafika nusu halafu we uanze kunigombeza, bora nikuandikie.

Unamjua yule jirani wa nyumba ya kona, ambaye mkewe alikuwa ananiletea supu baba yako alipofariki. Sasa yule mzee ana jairokopta, ndo hicho kindege unachouliza. Usiseme helikopta mbele yake, ananuna siku nzima. Injini iko nyuma ya mgongo wa rubani, inazungusha propela inayokisukuma mbele, ila lile panga kubwa la juu kikishakuwa angani halizungushwi na injini, linazungushwa na upepo tu. Unakumbuka vifeni vya makuti mlivyokuwa mnakimbia navyo Raskazone? Ukikimbia kinazunguka, ukisimama kinalala. Ndo hivohivo. Ndo maana hakiwezi kuganda palepale angani, lakini hata injini ikizima panga linaendelea kuzunguka huku kinashuka na rubani anatafuta pa kutua. Mhispania mmoja, Juan de la Cierva, ndo alitengeneza cha kwanza kilichoruka, mwaka 1923, na mwaka 1931 Mmarekani Johnny Miller akavuka nacho nchi nzima mpaka San Diego, akamtangulia Amelia Earhart, yule rubani mwanamke maarufu aliyekuwa anavuka na chake, siku chache tu. Amelia wakati wa kurudi akaanguka Abilene, hapahapa Texas, akatoka mzima. Hii habari nimesimuliwa mara mia, niamini.

Basi mzee akataka na yeye afike San Diego kabla macho hayajamchosha. Mkewe goti limekataa, hawezi kuendesha mbali. Wakaja jioni na keki, nikajua hapa pana jambo. Mimi miaka 14 nimeendesha basi la shule, nimestaafu, nakaa naangalia ukuta, unategemea ningejibu nini? Na sikukwambia kwa sababu ungenikataza, tusidanganyane.

Kazi yangu ilikuwa pikapu. Madumu ya petroli ya kawaida, maana viwanja vingi vidogo vinauza ile ya ndege yenye madini ya risasi na injini yake haiipendi sana, halafu spana, kamba za kufungia panga, hema, na chupa yangu kubwa ya chai ya iliki. Alikuwa anaruka alfajiri, ikifika saa 4 asubuhi hewa ya jangwani inaanza kuchemka, anarushwarushwa kama yuko kwenye daladala ya barabara mbovu, basi anatua tunatafuta kivuli. Na kichekesho, ukishapita Kerrville ile barabara kuu ya 10 spidi inaruhusiwa mpaka maili 80 kwa saa, na yeye akipigwa na upepo wa mbele hata 60 hafikishi, yaani mimi ninayemfata ndo nafika kwanza.

Siku moja magharibi ya Texas nikafika uwanjani, hakuna mtu ofisini, friji ina maji, ukutani funguo za gari kuukuu na kikaratasi, chukua, rudisha na mafuta. Nikasubiri. Nusu saa, saa nzima, redio kimya. Alikuwepo mama mmoja anakata majani pembeni ya njia ya kurukia, akaniona navyozunguka, akazima mashine akaja kusimama na mimi. Hakuuliza kitu. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, yeye akavua kofia. Kumbe mzee upepo ulimshinda akatua kwenye njia ya vumbi ya ranchi, kile kitu kinahitaji kipande kidogo tu, akakaa zake anakula karanga mpaka upepo upungue. Tulipousikia mlio yule mama akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. Huyo ndo wa kofia ya kijani unayemuona kwenye video.

Yule mwenye ndevu ni fundi wa Deming, New Mexico. Pale asubuhi mzee anataka kuruka, kile kifaa cha kulianzishia panga kabla ya kukimbia kimekataa, pini imekatika. Zamani walikuwa wanalisukuma kwa mkono, lakini Deming iko juu, kama mita 1,300, na panga zito, akasema hajaribu. Akatokea huyu toka banda la ndege la jirani, akaiangalia ile pini, akaiweka mfukoni akaondoka bila neno. Mchana kutwa anakereza chuma, anapima, anatupa, anaanza upya, ya tatu ndo ikakaa. Pesa akakataa. Nikampa chai, akanusa akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga, akaruka! Alikuwa baharia wa jeshi lao miaka ya 80, meli yao ilitia nanga Mombasa, na Kiswahili alichobaki nacho ni neno moja tu, "baridi". Alivyokuwa analitumia nadhani unajua. Nikampikia pilau kwenye jiko la mkewe, tukalala kwao siku mbili wakati pini ilikuwa tayari siku ya kwanza.

Arizona tulipita haraka, joto tupu. California milima ile ya kabla ya San Diego nilipanda gia ndogo huku naomba dua, mzee juu akipita katikati ya mabonde. Alipotua hakusema kitu cha maana, aliomba chai.

Sasa fundi na mkewe wanakuja Houston Idi hii. Mtu akija huku nitumie iliki nusu kilo na kanga doti mbili, moja ya mkewe na moja ya mama wa kofia. Chagua za maneno mepesi, usinitumie za mafumbo, maana wataniuliza maana yake mbele ya watu.

Mama yako