Konda na dereva, gari moja mioyo miwili

Mhariri habari za kazi. Wiki hii mmeuliza kama kutembea kila siku kweli kunalinda moyo na kuongeza miaka au ni maneno tu ya watu wa mazoezi. Mi nimeona nijibu maana jambo hili limenipitia mwilini.

Nina zaidi ya miaka 20 kwenye daladala za Mbagala. Kumi ya kwanza nilikuwa konda, na kazi ya konda mnaijua, unaning'inia mlangoni, kila kituo unashuka unaita abiria, gari inaondoka unaikimbilia unadandia, ndani unapenya kwenye nyomi kudai nauli, tangu saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku. Baadae nikapata leseni nikahamia kwenye usukani nikajiona nimepanda cheo. Haikupita miaka sita suruali zote hazinienei, jioni miguu imevimba, halafu siku hiyo nimeenda zahanati kwa mafua tu, nesi kunipima presha ikasoma 168 kwa 104, akarudia mara tatu akidhani mashine mbovu.

Binti yangu anasomea unesi. Nilipomweleza akanyamaza kidogo, akasema baba mbona hii habari yako iliandikwa tangu 1953. Kumbe kuna daktari wa Uingereza, Jerry Morris, alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo unamaliza wanaume wa makamo, akaenda kuwaangalia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na konda wanaishi maisha yanayofanana, gari moja, moshi uleule, ila dereva kakaa karibu zamu nzima wakati konda anapanda ngazi za kwenda juu kati ya 500 na 750 kwa siku. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliopata uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na haukuwaua haraka kama ulivyowaua madereva. Akatazama na watu wa posta, nao hivyohivyo, wasambaza barua wa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa kukaa ofisini.

Nikamuuliza sasa si inawezekana wanene ndo wanaokimbilia udereva? Akanambia Morris naye alijiuliza hivyo, akaenda kutazama saizi za viuno kwenye sare zao za kazi, na kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Lakini walipokuja kulinganishwa mwembamba kwa mwembamba na mnene kwa mnene, konda bado alikuwa na nafuu. Hapo ndo nilikaa kimya, maana mimi nimekuwa watu wote wawili kwenye gari lilelile.

Na maelezo yake wala siyo magumu. Moyo ni msuli, usipotumika unalegea, ukitumika unasukuma damu nyingi kwa pigo moja bila kuhangaika. Mashavu ya miguu nayo yanasaidia kuipandisha damu irudi juu, ukikaa masaa inatuama huko chini, ndo ule uvimbe wangu wa jioni.

Hizi hatua 10,000 zinazowatisha watu zisiwasumbue. Zilianzia Japani mwaka 1965, kampuni iliuza kifaa cha kuhesabu hatua na jina la kifaa maana yake ndo hiyohiyo. Kuna utafiti wa Marekani wa 2019 uliowafuata karibu wanawake 17,000, wastani wa umri wao miaka 72, waliokuwa wanafikisha kama 4,400 kwa siku vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 41 kuliko wale wa 2,700, nafuu ikaendelea mpaka kwenye 7,500 hivi ikatulia. Najua mgonjwa naye hatembei sana kwa hiyo siyo yote ni kazi ya miguu, lakini kwa bibi wa miaka 72 hatua 4,400 ni kwenda sokoni na kurudi na shughuli za nyumbani, siyo mbio.

Mimi gari inalala kwa tajiri, kutoka hapo mpaka nyumbani ni nusu saa kwa miguu. Zamani bodaboda kwenda na kurudi, sasa hivi jioni natembea, alfajiri bado napanda boda sababu ya giza na vibaka, na hapa niseme ukweli, wanaotuhimiza tutembee watutengenezee na njia, barabara nyingi mtembea kwa miguu anagombania ukingo wa mtaro na pikipiki na meza za machungwa, mama mjamzito apite wapi? Mchana nikiwa kituo cha mwisho nasubiri zamu sikai tena kwenye siti na simu, nazunguka soko zima mpaka konda anipigie gari inakaribia kupakia.

Dawa za presha sijaacha, na madereva wenzangu mnaosoma hapa msiache dawa kwa kuwa mmeanza kutembea, kuna mwenzetu kijiweni alifanya hivyo akapooza upande mmoja. Mwezi uliopita nilipima 136 kwa 86, daktari kapunguza kidonge kimoja kati ya viwili, amesema nirudi baada ya miezi mitatu aone kama inashikilia hapohapo.