Namuuguza kaka yangu, sasa mie ndo silali

SWALI: Asalam aleikum Shangazi. Mie nna miaka 34, nakaa Micheweni, Pemba. Kaka yangu ana skizofrenia, maradhi ya akili, mwaka wa sita huu asikia sauti na usiku hutoka akazunguka. Tangu mama kufariki namuuguza peke yangu. Bamvua likiingia, zile siku maji hujaa na kupwa sana, siwezi kumwacha nikashuka pwani, basi mwani wangu umeharibika, usingizi sina, nalia tu, na juzi nilimfokea mpaka nikajuta, na majirani nao wasema ni mashetani ila mie sitaki kumpeleka kwa mganga. Saa nyengine natamani niondoke nisirudi. Je, mie mtu mbaya?

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Wallahi huna ubaya wowote, umechoka. Kulia, kukosa usingizi, kutamani kuondoka, hiyo yaweza kuwa sonona, maradhi ya huzuni nzito, na sonona yatibika, kwa hivyo siku mkenda kuchukua dawa zake usikae kwenye benchi kama msindikizaji tu, mwambie nesi na yako. Na huko kuondoka kukigeuka kutamani kufa usingoje siku ya kliniki, mwambie mtu wa karibu papo hapo akupeleke hospitali.

Maradhi ya kaka yako hukuyaleta wewe. Shirika la Afya Duniani lakadiria karibu mtu 1 katika kila 300 anayo, na mara nyingi huanza ujanani. Dua na kisomo endeleeni, ni faraja, lakini msisimamishe dawa kwa sababu ya kombe, yale maji ya aya anayonyweshwa mgonjwa, akiacha dawa sauti hurudi kwa urahisi sana. Kama vidonge avikataa muulizeni daktari habari ya sindano, zipo za kila wiki 2 mpaka 4.

Sasa hilo la bamvua ndilo lililoniuma. Bamvua halimvizii mtu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu lipo, basi kaa na jamaa zako muhesabu siku. Usiseme "nisaidieni", wataitikia wote na hatokuja hata mmoja! Mwambie ami yako, Jumanne asubuhi ni wewe, na binamu yako Jumatano ni wewe, mpaka mwani ufungwe. Kumfokea usijilaumu sana, ila kelele na lawama za nyumbani humchokoza mgonjwa, kwa hivyo ukipumzika wewe na yeye hupata nafuu.

Bamvua lijalo likipita niandikie, nataka kujua nani alikaa naye.