Gari la mkataba na miezi ambayo wageni hawaji

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni dereva wa watalii, nakaa Paje, Unguja. Juni mwaka jana nilichukua Noah kwa mkataba kwa mtu wa mjini. Taslimu alikuwa anaiuza milioni 13. Kwa kulipa kidogo kidogo tukakubaliana milioni 16 na laki 8, yaani laki 7 kila mwezi kwa miezi 24. Nimelipa miezi 10 bila kukosa. Masika yalipoingia hoteli nyingi zikafunga, na Aprili na Mei sikulipa kitu. Mkataba unasema nikichelewa naongezewa shilingi 70,000 kila mwezi, na nikikosa miezi 2 analichukua gari na nilichokwisha lipa kimekwenda. Kadi ya gari bado ina jina lake. Kwa aibu nimekuwa nikizima simu. Rafiki yangu ananishauri nikope kausha damu nimalizane naye, na mke wangu ameniambia nichukue dhahabu zake niuze. Je, ile tofauti ya bei ni riba? Na faini? Na ana haki ya kulichukua gari?

JAWABU

Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Ndugu yangu, nitaanza na simu unayoizima, maana hiyo imenitia hofu kuliko faini. Bibi Aisha, Allah amuwie radhi, amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba ndani ya sala akingwe na dhambi na deni. Mtu akamuuliza mbona anajikinga sana na deni. Akajibu kwamba mtu akidaiwa husema akaongopa, na huahidi akavunja. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Kudaiwa kwenyewe si aibu. Mtume mwenyewe alifariki ngao yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Alichokiogopa ni kile ambacho deni humfanya mtu awe. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, mpigie mwenye gari. Mwambie hujakimbia, gari lipo, na unataka mkae.

Sasa bei. Tofauti ya milioni 3 na laki 8 si riba. Kuuza kwa malipo ya vipande kulikuwepo zama za Mtume: Barira, aliyekuwa mjakazi, aliandikiana na mabwana zake ajinunue kwa wakia 9, kila mwaka wakia 1. Na wengi wa wanazuoni wa madhehebu 4, wakiwemo Mashafii ambao ndio sisi wengi wa mwambao huu, wamejuzisha bei ya muda izidi ya taslimu, kwa sharti kwamba mnapoagana muwe mmekata bei moja. Nyinyi mliikata milioni 16 na laki 8, basi hiyo ndiyo bei ya gari lako, na huwezi leo kurudi kusema unatambua milioni 13 tu. Allah anasema katika Suratul Maida: “Enyi mlioamini! Timizeni mikataba.”

Faini ni habari nyingine. Bei ikishakatwa, inakuwa deni, na kila shilingi inayozidishwa juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni ile riba ya wakati wa ujahili, mtu akiambiwa: lipa, au ongeza. Baraza la Fiqhi (sheria za Kiislamu) la Kimataifa lilikaa Jeddah mwezi Machi 1990 likaliangalia suala la kuuza kwa vipande. Likahalalisha mauzo hayo na likaharamisha nyongeza ya kuchelewa, hata kama iliandikwa kwenye mkataba na mnunuzi akaitia saini. Sharti la haramu haliwi halali kwa saini. Kwa hiyo zile 70,000 za Aprili na 70,000 za Mei hazimo katika deni lako. Mwambie hivyo kwa upole, maana huenda yeye kachukua karatasi ya mkataba kwa mwenzake na hakuwahi kuuliza.

Juu ya gari, nataka uelewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo madereva wengi wanapodhulumiwa, na wengine wanadhulumiwa na watu wanaosali nao safu moja. Ulichokielezea ni kuuza na kununua. Tangu siku mliyopatana na akakukabidhi ufunguo, gari ni lako na kwake una deni. Kule kubaki na kadi ni dhamana tu, ni rehani, na baraza lile lile limemruhusu muuzaji kuwa na rehani juu ya kitu alichokiuza. Lakini rehani haimezwi. Ipo hadithi kwa Ibn Majah na wengineo kwamba rehani haifungiwi mwenyewe, yaani haimpotei aliyeiweka. Zama za ujahili siku ikipita bila malipo kitu kilikuwa kinaliwa chote na anayedai, na Uislamu ukaiondoa desturi hiyo.

Hebu tufanye hesabu. Umelipa milioni 7, umebakiwa na milioni 9 na laki 8. Tuseme mmeshindwana kabisa, gari likauzwa mbele ya mashahidi kwa milioni 12. Yeye atachukua milioni 9 na laki 8 zake, na milioni 2 na laki 2 zitarudi kwako. Kulibeba gari usiku na kubaki pia na milioni 7 ulizotoa ni kula mali ya mtu kwa batili. Ingekuwa mliandikiana kukodi, kila mwezi ukilipia matumizi ya gari, hukumu ingebadilika na zile pesa zingekuwa kodi yake. Ila huwezi kuandika kuuza siku ya kupokea pesa, halafu ukaliita kukodi siku ya kugombana.

Sasa wewe na Aprili yako. Suratul Baqara aya ya 280 inasema: “Na akiwa mwenye kudaiwa yumo katika dhiki, basi angojwe mpaka awe katika wepesi. Na mkiifanya sadaka ni bora kwenu.” Hii ni amri, na mwenye gari nayo inamhusu. Katika Sahihi Muslim kuna mtu aliyenunua matunda yakaharibika, madeni yakamlemea. Mtume akawaambia watu wamtolee sadaka, wakatoa na hazikutosha, akawaambia wanaodai: chukueni mlichokipata, hamna zaidi ya hicho. Nami huyo naona anafanana sana na mtu wa msimu. Riziki yake ilikuwa mtini, na mti ukapigwa.

Lakini Mtume huyo huyo kasema kwamba kuchelewesha malipo kwa mwenye uwezo ni dhuluma. Na hapa sitakuficha. Mtu wa mshahara ni ama anacho au hana. Mtu wa msimu ni wote wawili ndani ya mwaka mmoja: Agosti ni tajiri, Aprili ni fakiri. Masika si ajali. Tangu tuzaliwe mvua zinakuja Machi hadi Mei, na hoteli za Paje na Nungwi hazikuanza kufunga mwaka huu. Kwa hiyo jiulize mwenyewe, usinijibu mimi: Agosti na Januari zilikwenda wapi? Kama zilikwenda chakula, ada za watoto na dawa za mama, wewe ni mwenye dhiki na aya ni yako. Kama zilikwenda kwenye simu mpya na kuchangia harusi za kujionyesha, basi Aprili uliitengeneza mwenyewe, na una toba ya kuleta pamoja na pesa. Nabii Yusuf aliwaambia watu wa Misri waache mavuno kwenye mashuke yake, ila kidogo wanachokula, kwa sababu alijua miaka ya njaa inakuja. Wewe njaa yako unaijua mpaka mwezi wake.

Kausha damu usiiguse. Utakuwa umekimbia faini ya haramu ya 70,000 na kuingia kwenye riba inayohesabiwa kwa wiki.

Dhahabu za mkeo ni mali yake, huna haki nazo hata punje. Akitoa kwa moyo safi, Suratun Nisaa imekuruhusu upokee, na Zaynab mke wa Ibn Mas'ud aliambiwa kwamba kumpa mumewe sadaka kuna malipo mawili, ya sadaka na ya ujamaa. Ila kama anakukopesha, mkopo uwe mkopo: ziandike gramu ngapi, na umrudishie. Nimeshuhudia ndoa zikivunjika kwa bangili ambazo mume alidhani ni zawadi. Na kama baada ya yote umekwama, wenye madeni wametajwa katika mafungu 8 ya zaka, na gari unalofanyia kazi halikuondoi kwenye fungu hilo. Unaweza kuuliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mkikaa, chukueni imamu au sheha awe shahidi. Ka'b bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti mpaka sauti zikapanda. Mtume akafunua pazia, akamwashiria Ka'b apunguze nusu. Ka'b akakubali. Papo hapo Mtume akamwambia Ibn Abi Hadrad: simama ulipe. Kila mmoja alibeba sehemu yake. Wewe usiombe nusu, omba ratiba. Kubadilisha siku za kulipa bila kuongeza deni hakuna ubaya wowote.

Wala msiandike “msimu ukianza.” Imam Malik alijuzisha muda wa namna ya “wakati wa mavuno,” lakini Mashafii wameukataa kwa sababu siku yake haijulikani, na hapo ndipo ugomvi unapoingia. Andikeni tarehe. Kwa mfano: Juni hadi Oktoba, na Desemba hadi Februari, milioni 1 kila mwezi, hiyo ni milioni 8. Novemba, Machi, Aprili na Mei, laki 2 kila mwezi, hiyo ni laki 8. Milioni 1 ya mwisho tarehe 30 Juni mwakani. Jumla ni milioni 9 na laki 8 zile zile, na utakuwa umemaliza mwezi mmoja tu baada ya mkataba wa kwanza. Sasa hivi kusi inavuma na wageni wameanza kushuka, kwa hiyo milioni ya kwanza ianze kutengwa na safari ya leo.

Wallahu a'lam.